Mume anataka tuhamie Texas, mi sitaki kutoka Minnesota

Anti shikamoo,

Naandika nikiwa kwenye brek ya kazi kwahiyo nisamehe nikirukaruka. Mi ni Mtanzania, naishi Brooklyn Park huku Minnesota, nimeolewa, watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo minne. Mi ni CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, nalipwa dola 23 kwa saa, bima ya familia nzima iko kwangu, na nimebakiza kama mwaka na nusu hivi nimalize unesi kwenye koleji ya hapa hapa jirani niwe RN, nesi kamili mwenye leseni. Mume wangu anaendesha trela, zile za kuvuka majimbo, anatoka wiki mbili tatu, akirudi anakaa siku tatu nne, anapakia tena. Mwaka ukienda vizuri anaingiza kama elfu 85.

Sasa shida ilianza binamu yake aliponunua nyumba Katy, pale nje ya Houston. Vyumba vitano, gereji kubwa, jiko unaweza kuchezea mpira. Kila mume wangu akipata mzigo wa kupita barabara kuu ya I-10 analala kwa binamu, wanachoma nyama uani, alafu akirudi huku wimbo ni mmoja tu, Texas Texas Texas. Kule hakuna kodi ya jimbo. Kule nyumba rahisi. Kule joto kama Dar. Kule wabongo kibao. Sisi tunapanga apatimenti ya vyumba viwili kwenye friji, ndo anavyoita Minnesota, friji, tunasubiri nini?

Anti mi sikatai kwamba huku kugumu. Januari kuna asubuhi gari limegoma kuwaka, mtoto analia vidole vinauma, na mi natakiwa niwe wodini saa kumi na mbili na nusu. Desemba saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Mama yangu alikuja kututembelea Novemba akasema hata Kilimanjaro juu hakuwezi kuwa hivi, akakaa ndani mpaka siku ya kurudi. Lakini huku nina watu. Kuna jirani yangu Mkisii, huyo mama nikiwa na shifti ya asubuhi nampelekea watoto saa kumi na moja na nusu bado wamelala, anawalaza tena kwake, mkubwa anampandisha kwenye basi la shule, mdogo anashinda naye, mi nikitoka nachukua. Na wakwake nawashika wikiendi akienda kazini. Hatulipani hata senti. Chama tunacho, kanisa la Kiswahili tunalo, unga na sukuma wiki nanunua dakika kumi kutoka mlangoni. Texas nitaanza na nani? Huyo binamu mke wake hata simu zangu hapokei vizuri.

Saivi imefika mahali mume anasema yeye anahamisha leseni yake kwa anwani ya binamu aanze kuokoa hiyo kodi, na mi na watoto tufuate shule zikifungwa mwezi wa sita. Amempigia mama yake Morogoro, mama mkwe naye kanipigia, "mwanangu mke anamfuata mumewe." Nimenyamaza maana ni mama mkwe, ningemjibu nini.

Naomba uniambie ukweli Anti, kati ya Minnesota na Texas wapi kuna maisha bora? Maana kila mtu humu ana jibu lake na kila mtu anatetea alikonunua nyumba.

Ni mimi Mama Wawili, Brooklyn Park

*

Marahaba mdogo wangu Mama Wawili, pole na shifti.

Hilo swali la mwisho ukilipeleka kwenye takwimu Minnesota inashinda asubuhi na mapema. Umri wa kuishi, kwa hesabu za serikali yao za mwaka 2020, Minnesota walikuwa kwenye miaka 79 na Texas 76 na nusu. Texas ndo jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa asilimia ya watu wasio na bima ya afya, walikataa kupanua Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wakati Minnesota walikubali. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, ile ile ya serikali kuu ambayo haijaguswa tangu 2009, Minnesota imeshapita 11. Shuleni kwa wanao chai na chakula cha mchana bure kwa kila mtoto tangu 2023, huulizwi mshahara wako. Kila masaa 30 unayofanya kazi unajiwekea saa moja ya ruhusa ya ugonjwa, na tangu Januari 2026 kuna likizo ya kulipwa ukijifungua au ukiugua. Texas kwa mwajiri binafsi hayo yote ni huruma yake.

Lakini wastani wa jimbo haulipi bili ya mtu. Minnesota hiyo hiyo inayopewa alama nzuri ndo moja ya majimbo yenye pengo baya kabisa kati ya weupe na weusi kwenye kumiliki nyumba, na George Floyd aliuliwa na polisi Minneapolis Mei 2020, si Houston alikokulia. Kwahiyo mtu akikuletea orodha ya majimbo bora muulize bora kwa nani. Mi nataka tuangalie nyumba yenu nyie, na humo ndani kuna watu wawili wenye hesabu mbili tofauti kabisa, ndo maana mnagombana na kila mmoja anaona mwenzake hajui kuhesabu.

Tuanze na mumeo, maana wengi mtamuonea. Yuko sahihi kwenye kodi, tena kuliko anavyojua. Dereva wa trela anayevuka majimbo kwa sheria ya serikali kuu mshahara wake unatozwa kodi na jimbo analoishi tu, hata kama maili zote kazikata Iowa na Nebraska. Kwahiyo mtu kama yeye akiishi Minnesota analipa ya Minnesota, akiishi Texas halipi kitu kwa jimbo. Kwa mapato yenu, elfu 85 yake na kama elfu 48 zako, mkijaza pamoja kama mke na mume wenye watoto wawili Minnesota inachukua kwenye elfu 5 na mia sita hivi kwa mwaka. Hiyo si hela ndogo, ni nauli ya familia kwenda bongo Krismasi, kweli kabisa. Na yeye kazi yake inahama naye, kampuni nyingi hazijali dereva analala wapi ilimradi mzigo ufike. Ongeza hapo kwamba ndo anayeendesha tani zote hizo kwenye barafu ya I-94 mwezi wa kwanza, ningekuwa mimi nami ningeota Texas.

Sasa njoo kwako. CNA Houston kwenye nyumba za wazee wengi wanazungukia dola 16 mpaka 18. Tuseme umebahatika umepata 18. Kutoka 23 umeshuka tano kila saa, masaa 2,080 ya mwaka mzima hiyo ni dola 10,400. Yaani ile elfu 5 na mia sita mliyookoa imeshaliwa yote na nyingine karibu elfu tano juu yake, na hapo hujapika wala hujalala. Bima ya familia iko kwako, ukienda kule ukapata kazi ya kuitwaitwa isiyo na bima wote wanne mko nje, au mnaingia kwenye bima ya kampuni ya mume kwa makato ambayo sidhani kama ameshayauliza. Na shule: Texas ili ulipe ada ya mwenyeji kwenye vyuo vya umma unatakiwa uwe umeishi miezi 12 kwanza, kabla ya hapo unalipa ya mgeni. Alafu si kila somo ulilomaliza Minnesota watalipokea, kozi za unesi zenyewe ndo ngumu zaidi kuhamisha, mara nyingi wanakuanzisha upya. Mwaka na nusu wako unageuka mitatu minne. Mdogo wangu hapo ndo penye hasara kubwa kuliko kodi, maana ukishakuwa RN ile tofauti ya mshahara kati ya majimbo haya mawili inapungua, Houston ina Texas Medical Center, mahospitali yamepangana mtaa mzima, manesi wanatafutwa. Texas ya CNA na Texas ya RN ni mbili tofauti.

Na hiyo nyumba ya binamu. Hakuna aliyeniambia bado bili yake. Texas haichukui kodi kwenye mshahara lakini inaishi kwa kodi ya majengo, na kwenye vitongoji vipya vya Katy kuna kaunti, kuna shule, alafu kuna ile wanaita MUD, wilaya ya maji iliyokopa kujenga mabomba na mifereji ya mtaa na sasa wenye nyumba ndo wanalipa deni. Vikijumlishwa asilimia 2.5 ya thamani ya nyumba si ajabu kabisa. Chukua nyumba ya dola 350,000. Kwa mwenye kuishi humo mwenyewe upande wa shule wanamsamehe dola 140,000 za thamani, waliongeza mwaka 2025, lakini bado unatoka na kama dola 7,200 kwa mwaka. Hiyo ni 600 kila mwezi hujaanza kulipa mkopo wenyewe, hujalipa ada ya chama cha wenye nyumba kinachokuandikia barua majani yakirefuka, hujalipa bima ya nyumba ambayo kwa ajili ya vimbunga na mvua ya mawe kule iko juu, na hujagusa bima ya mafuriko ambayo inakatwa peke yake. Brooklyn Park nyumba ya bei hiyo kodi yake iko chini ya hapo vizuri tu, ila nyie hamjanunua popote ndo maana hamuioni, kodi ya majengo mnalipa ndani ya kodi ya pango bila kujijua.

Mafuriko nimeyataja makusudi. Agosti 2017 kimbunga Harvey, upande huo huo wa magharibi ya Houston kuna mabwawa mawili makavu ya kuzuia mafuriko, Addicks na Barker, yakajaa, nyumba za nyuma ya mabwawa zikaingia maji na za mbele zikaingia maji walipofungua mageti. Watu wengi wakaja kugundua siku hiyo kwamba mtaa wao uko ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa maji yanakuja kukaa. Si Katy yote, nyumba nyingi hazikuguswa, lakini mtu anayekwambia nyumba rahisi muulize imejengwa wapi.

Joto kama Dar nimecheka. Jasho la Houston la Dar kweli, lakini Agosti 2023 ilipiga nyuzi 43, Dar lini imefika huko? Mtoto hatoki nje mchana, AC inaunguruma kuanzia Mei mpaka Oktoba na bili inakuja kama ada ya shule. Na umeme wenyewe, Februari 2021 baridi ilipowavamia gridi ya Texas ikalemewa, nyumba zaidi ya milioni nne zikawa gizani, mabomba yakapasuka, jimbo lenyewe lilihesabu waliokufa 246. Julai 2024 kimbunga Beryl tena, wateja zaidi ya milioni mbili maeneo ya Houston bila umeme na wengine walipitisha wiki na zaidi na lile joto. Minnesota baridi inauma zaidi lakini nyumba imejengwa ikiijua. Haya, na wewe usijifiche nyuma ya hayo, giza la saa kumi na nusu linaua watu kimyakimya huku wakijiita wavivu, watu wetu weusi hilo jua la kaskazini halitutoshi, mwambie daktari akupime vitamini D, tena mapema kabla ya Novemba, na mtoto wa kuumwa vidole nunua zile glovu za kufunika vidole vyote pamoja acha za vidole vitano. Kununua koti la baridi la bei rahisi Minnesota ni ubahili wa kijinga, nisamehe.

Lakini kitu kilichonishika kwenye barua yako ni hiki. Mume wako haishi Minnesota na wala hataishi Texas. Anaishi kwenye trela. Texas anayoijua ni ya Jumamosi jioni kwa binamu, nyama iko jikoni, watoto wa watu wanaogelea, kesho anawasha injini anaondoka. Minnesota anayoijua ni zile siku nne za kurudi nyumbani kachoka, theluji imemsubiri mlangoni, mke yuko shifti na mtoto ana homa. Ningelinganisha hivyo hata mimi ningehama. Anayeishi jimbo ni wewe. Ni wewe unayepanga foleni ya daktari wa watoto, unayeitwa shule, unayetafuta nani atakaa na mtoto saa kumi na moja alfajiri. Huyo mama Mkisii mkimpigia hesabu, malezi ya mtoto wa miaka minne mwezi mzima pamoja na alfajiri za mkubwa, muulizeni binamu Katy wanalipa ngapi, alafu mrudi hapa mniambie nyumba ipi ni rahisi. Mumeo hajawahi kumuona kwenye bili ndo maana hamuhesabu. Umemuonyesha? Au mmekuwa mkigombana kuhusu theluji tu?

Hili la yeye kuhamisha leseni kwa anwani ya binamu wakati wewe na watoto mko Brooklyn Park, simamisha wiki hii hii. Leseni ya trela sheria inataka iwe ya jimbo ambalo ndo makazi yako halisi, si mahali unapolala ukipita na mzigo. Na Minnesota wakija kukagua hawaangalii leseni peke yake, wanaangalia mke yuko wapi, watoto wanasoma wapi, kura unapigia wapi, gari limesajiliwa wapi. Mke na watoto Minnesota, yeye Texas kwa karatasi, hapo watasema ni mkazi wetu, lete kodi, lete na faini na riba. Na kama karatasi zenu za uhamiaji bado ziko njiani sitaki hata kuwaza mtu aliyeandika anwani mbili kwenye fomu mbili. Mwambie hivyo kwa upole, labda hajui, madereva wanadanganyana sana huko kwenye vituo vya mafuta.

Ushauri wangu ni kwamba Juni hamhami. Malizia unesi ulipo. Ukishafanya mtihani wa leseni ukapita, hapo Texas iwekeni mezani upya, na mi nitakuwa wa kwanza kukwambia ifikirie vizuri maana ule mlango wa mshahara utakuwa umefunguka na ile kodi aliyoililia mume itakuwa ni akiba ya kweli. Jua tu Minnesota mpaka saivi haijaingia kwenye ule mkataba wa leseni moja ya unesi kwa majimbo mengi, Texas imo, kwahiyo utaomba leseni ya Texas kwa karatasi zako, anza kabla ya kufunga mabegi. Na mkienda mnapanga kwanza mwaka mzima, hakuna kununua nyumba, hata binamu aseme nini.

Kabla ya hapo nendeni mkakae. Namaanisha Agosti, wiki mbili, wewe na watoto na yeye achukue likizo, msilale kwa binamu, mchukue apatimenti ya muda upande huo wa Katy. Siku za kazi uendeshe asubuhi kutoka pale mpaka Medical Center na uone barabara za kulipia zinakukata ngapi, uingie nyumba za wazee mbili tatu uulize mshahara na bima, uende kanisani Jumapili uone kama kuna mama wa aina ya jirani yako. Houston imejaa Waafrika, Wanaijeria ndo usiseme, Wakenya na wabongo wapo, Wakongo wapo, hutakosa watu, ila watu wa kukuamini na mtoto wako saa kumi na moja alfajiri wanachukua miaka kupatikana. Inawezekana ukapapenda, nakuambia ukweli. Kuna wanawake wameondoka Minnesota wakilia na leo huwarudishi hata kwa pingu.

Mama mkwe mpigie wewe, usingoje akupigie. Usibishane naye habari ya mke kumfuata mume. Mwambie mama, mwanao yuko barabarani siku ishirini kwa mwezi na mimi nimebakiza mwaka na nusu niwe nesi, nikimaliza mshahara unakaribia mara mbili, tuombee tumalize kwanza. Wamama wa Morogoro wanajua thamani ya nesi kwenye ukoo, atabadilika kabla simu haijakatika na Jumapili atakuwa ameshatangaza.

Na usiku huu ukitoka kazini fanya jambo moja. Kodi za majengo Texas ziko wazi kwenye tovuti za kaunti, Katy imegawanyika Harris, Fort Bend na Waller, unaweka anwani ya nyumba inakuja thamani yake na kila anayedai hapo, shule kiasi gani, MUD kiasi gani. Weka ya binamu. Ichapishe, na barua ya mshahara wako uiweke pembeni, mume akirudi mle kwanza ashibe, ndo uzitoe zote mbili.

Anti